Mizinga ya masanduku itengenezwe kwa kalibu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na watu wa aina tatu: mafundi seremala wanaotengeneza mizinga ya nyuki, viongozi wa vikundi wanaoiagiza, na maofisa wanaotia saini kwamba imepokelewa ikiwa kamili. Ombi letu ni kwamba mizinga itengenezwe kwa kalibu, yaani kigezo cha mbao kinachompimia fundi kila kipande.

Mzinga wa sanduku ukifika kijijini watu hutazama rangi, hutazama bati la juu, hugonga mbao kwa ngumi. Mahali pa kutazama ni viunzi, zile fito bapa zinazopangwa juu ya sanduku ili nyuki waning'inize masega chini yake. Vitoe vyote. Visimamishe mezani kwa ubavu, vikigusana kama vitabu kwenye rafu, kisha pitisha kidole juu yake kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Kidole kikiteleza bila kujikwaa, mzinga huo una matumaini. Kikipanda na kushuka kwa sababu kiunzi hiki kina milimita 30, kile 34 na cha tatu 31, mzinga huo utamsumbua mwenyewe kila msimu, maana nyuki watajenga wanavyotaka wao.

Upana unaotakiwa ni milimita 32. Nyuki wetu ni wadogo kuliko wa Ulaya. Wakijijengea wenyewe ndani ya gogo, hupanga masega kwa nafasi ya milimita 32 hivi, kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Wa Ulaya hutumia 35. Kiunzi kimoja kinabeba sega moja, na uwazi unaobaki unawatosha nyuki wa sega hili na wa sega lile kupishana mgongo kwa mgongo. Viunzi vikizidi upana, sega la kwanza litakaa katikati, la tatu au la nne litakuwa limehamia pembeni, na kufikia la sita au la saba limeshavuka mpaka na kushikamana na kiunzi cha jirani. Vikipungua, mambo ni yale yale, ila masega yanahamia upande wa pili. Siku ya kuvuna unainua kiunzi kimoja vinakuja vinne. Sega la watoto linachanika, asali inawamwagikia nyuki, malkia anabanwa, na kundi lililokuwa limetulia linawaka. Anayewajua nyuki wa miombo hahitaji kuelezwa kinachofuata. Mara nyingi kundi huhama kabisa, na mfugaji hurudi kwenye mzinga wa gome, ambao kila mmoja unachuna mti mzima na kuuacha ukauke umesimama. Kwa hiyo kosa la milimita mbili kwenye karakana linaishia kukausha miti porini.

Kosa lenyewe hujumlishwa. Mzinga wa viunzi 28 unahitaji urefu wa milimita 896. Sanduku la urefu wa ndani wa 900 linaacha nafasi ya milimita 4, ambayo nyuki wataiziba kwa gundi yao. Kila kiunzi kikizidi kwa milimita moja tu, jumla inakuwa 924. Cha 28 hakiingii, na fundi atasema 27 vinatosha. Kila kimoja kikipungua kwa milimita moja, mwishoni linabaki pengo la milimita 32, upana wa kiunzi kizima. Nyuki watapitia hapo wajenge chini ya bati, na sisimizi na nondo wa nta watakuwa wamepata mlango wa pili.

Hatumlaumu fundi kwa uzembe. Anapima kwa tepu ambayo ncha yake imelegea kwa kuangushwa mara nyingi, anachora kwa penseli yenye ncha nene, na anakata upande wowote wa mstari. Kila hatua inampunguzia au kumwongezea nusu milimita. Kuna pia mkanganyiko wa inchi. Inchi moja na robo ni milimita 31.75, na inafaa. Inchi moja na nusu ni milimita 38, haifai hata kidogo. Michoro ya Ulaya na Marekani huandika inchi moja na sehemu tatu za nane, karibu milimita 35, ambacho ni kipimo cha nyuki wa huko. Fundi akipewa mchoro huo bila maelezo atautekeleza kwa uaminifu wote, na mzinga utaharibika.

Dawa yake mafundi wanaijua tayari kutoka kazi nyingine. Mfyatua matofali hapimi tofali moja moja. Anapima kalibu siku anayoitengeneza, kisha kalibu inampimia maelfu ya matofali. Seremala wa mizinga naye awe na kalibu zake: moja ya kukata urefu wa viunzi, moja ya kupiga randa upana, moja ya kuunganishia sanduku, moja ya kutobolea milango. Zote zinatoka kwenye mabaki ya mbao, na anayejua kushika randa hahitaji mashine.

Tuanze na urefu. Kiunzi kina urefu wa milimita 483. Pigilia kizuizi kwenye meza ya kukatia, milimita 483 kutoka mfereji wa msumeno. Sukuma fito hadi igonge kizuizi, kata, sukuma tena. Linaloharibu hapa ni vumbi la mbao. Linajikusanya kwenye kona kati ya meza na kizuizi, fito inagonga vumbi badala ya mbao, na kila kiunzi kinatoka kifupi kuliko kilichotangulia. Inua kizuizi kidogo, unene wa kadi ya simu mbili tatu hivi, ili vumbi lipite chini yake. Jambo dogo, lakini ndilo linaloeleza kwa nini viunzi vya jioni huwa vifupi kuliko vya asubuhi.

Ubao mmoja wa inchi 1 kwa 8 wenye urefu wa futi 12 unatoa vipande saba vya urefu huo, na kila kipande kinachanwa viunzi vitano: jumla 35. Unapata 28 vya mzinga mmoja na saba vya akiba, kwa ajili ya vitakavyokuwa na kifundo au ufa. Chana kwa milimita 33 ili ibaki moja ya kupigwa randa. Anayechana kwa msumeno wa umeme asisukume kipande chembamba hivyo kwa vidole. Awe na kisukumio cha mbao, na kipande kibanwe ubavuni kwa ubao uliochanwa ncha yake vidole vidole kama kitana, ili kisiruke kurudi nyuma.

Kalibu ya randa ndiyo roho ya kazi yote, kwa hiyo tutaieleza taratibu. Chukua ubao mnene ulionyooka, urefu wa milimita 600, uwe kitako. Juu yake funga kwa skrubu reli mbili za mbao ngumu, mninga au mvule mkavu, zilizosimama sambamba. Kimo cha kila reli kutoka kwenye kitako ni milimita 32 kamili, hapa na pale na mwisho. Kati ya reli acha mfereji wa milimita 52. Upana huo una sababu yake. Randa ya kawaida ina chuma cha milimita 50 hivi, na uso wake ni mpana zaidi, milimita 60 na ushee, kwa hiyo kingo za uso zinateleza juu ya reli huku chuma kikifanya kazi ndani ya mfereji tu. Ukiubana mfereji hadi milimita 40, chuma kitakula reli zenyewe, na baada ya siku mbili kalibu yako ya 32 imekuwa ya 30 bila wewe kujua. Pima randa yako kwanza, kisha ndipo uamue mfereji.

Ndani ya mfereji simamisha viunzi viwili kwa ubavu, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 22 baada ya kupigwa randa usoni. Vinachukua 44. Nafasi ya 8 iliyobaki weka kabari mbili nyembamba zinazokutana kwa mshazari, zenye kimo cha milimita 25 ili zisiguswe na chuma. Zigonge kidogo zibane. Mbele weka kizuizi kifupi kinachozuia viunzi visisukumwe. Sasa piga randa. Mwanzoni maranda yanatoka mazito, yanapungua, na randa inapoanza kuteleza bila kutoa kitu, viunzi vyote viwili vina milimita 32. Mkono wenyewe unahisi: sauti inabadilika kutoka mkwaruzo hadi mtelezo mtupu.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Ubavu wa chini wa kila kiunzi lazima uwe umenyooshwa kwanza, kwa sababu kalibu hunakili kilicho chini. Ubavu wa chini ukiwa na tumbo, wa juu utatoka na tumbo vilevile. Na kila unapotoa viunzi, futa mfereji kwa brashi. Kipande kimoja cha maranda kilichokunjamana chini ya kiunzi kinakiinua, unakipunguza kupita kiasi, na kosa halionekani mpaka kiwe juu ya sanduku.

Baada ya hapo ni mstari wa nta. Bila nta katikati ya kiunzi, upana sahihi pekee hautoshi, maana nyuki hawana sababu ya kuanzia katikati. Mfereji wa upana wa milimita 3 na kina cha 3 hadi 5 unatosha. Kwenye msumeno wa meza wenye jino linalokula milimita 3, weka ukingo wa kuongozea kwenye milimita 14.5, pitisha kiunzi, kisha kigeuze ncha kwa ncha na ukipitishe tena kwa ukingo uleule. Hata kama ukingo umekosea kidogo, mfereji utapanuka pande zote mbili sawasawa na utabaki katikati. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, isiwekwe kamwe moja kwa moja juu ya moto. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 na inashika moto upesi. Inamisha kiunzi, mimina kwa kijiko, nta ikimbie kwenye mfereji. Acha kila ncha bila nta, kupita kidogo unene wa ukuta, ili sega lisishikwe kwenye ukuta.

Sanduku sasa. Kwa mzinga wa Kitanzania wenye kuta zilizosimama wima, vipimo vya ndani ni urefu 900, upana 440, kina 300, mbao zikiwa na unene wa milimita 22. Kiunzi cha 483 kinakaa juu ya kuta mbili na kuzifunika. Mbao za ncha ziwe na kimo cha 322, milimita 22 zaidi ya kuta, ili viunzi vilale kati yake na kuwa sawa nazo juu. Kalibu ya kuunganishia ni fremu ya mbao yenye ukubwa wa nje wa 900 kwa 440 na kimo cha 200 hivi, nawe unalijenga sanduku kuizunguka. Kabla ya kuitumia pima pembe kwa pembe: lazima zote mbili ziwe milimita 1,002. Zikitofautiana, sanduku limekaa mshazari na viunzi vitabanwa kona moja na kulegea nyingine.

Fremu hiyo itengenezwe ikiwa na ubavu mmoja unaoshikiliwa kwa kabari. Gundi ikikauka, unachomoa kabari, ubavu unalegea, kalibu inatoka. Asiyeweka kabari atalazimika kuipiga nyundo mpaka kona zilegee, na kona zikilegea mwanga unapenya, na palipopenya mwanga sisimizi wanapita. Paka kalibu nta pembe zote ili gundi isishike; nta wafugaji wanayo. Misumari ya inchi mbili, na kwenye mbao ngumu toboa kwanza kwa drili nyembamba, la sivyo ncha za ubao zitapasuka.

Kwa mzinga wa Kenya wenye kuta zilizolala, kalibu kubwa ni kigezo kimoja cha plaiwudi cha ubao wa ncha: juu 440, chini 190, kimo 300, na kuta zenye mlalo wa milimita 325. Kila ubao uchorwe kutoka kwenye kigezo hicho hicho. Fundi akichora wa pili kwa kufuata wa kwanza, na wa tatu kwa kufuata wa pili, unene wa penseli unaongezeka kila mara na ubao wa kumi haufanani na wa kwanza.

Milango: tundu nane za milimita 10 kwenye ubao wa ncha, chini. Tengeneza fito ya mbao ngumu iliyotobolewa tundu nane, ibane juu ya ubao, pitisha drili. Tundu za fito hupanuka kwa kutumika. Ingiza vipande vifupi vya bomba la chuma vinavyoingia drili kwa kubana. Milango mipana inamkaribisha panya na mijusi.

Wanaotumia mizinga ya Langstroth, ambayo masega yake hujengwa ndani ya fremu za pande nne, wanahitaji kalibu nyingine, kisanduku kinachoshika mihimili ya ubavu ya fremu kumi kwa wakati mmoja: unapigilia mihimili ya juu yote, unageuza, unapigilia ya chini. Mmarekani Lorenzo Langstroth, mwenye jina la mzinga huo, aligundua mwaka 1851 kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya milimita 6 hadi 9. Ikipungua wanaiziba kwa gundi, ikizidi wanajenga sega. Ndiyo maana fremu iliyopinda milimita nne hugandia ukutani. Mihimili ya ubavu ya viwandani mara nyingi ina upana wa 35; kwa nyuki wetu ipunguzwe iwe 32, na hapo sanduku la upana wa ndani wa milimita 373 linaingiza fremu 11.

Kalibu zote hizi zitakuhadaa kama mbao ni mbichi. Ubao uliotoka kiwandani juzi ukichanwa kwa milimita 32 leo, ukikauka utapungua kwa milimita moja au zaidi, na tofauti inategemea umechanwa upande gani wa gogo, kwa hiyo hata kupungua hakutakuwa sawa. Panga mbao kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, hewa ipite. Ukitaka uhakika, pima uzito wa kipande kimoja kila wiki kwa mizani ya dukani. Kikiacha kupungua, zimekauka. Zisipakwe dawa ya wadudu upande wa ndani. Nyuki hawaingii kwenye mzinga unaonuka dawa, na asali haistahili kukaa humo. Rangi ni ya nje tu.

Sasa tunarudi kwa wanaopokea. Hamhitaji kuwa maseremala. Kata kwa msumeno wa chuma kipande cha bati nene, utengeneze pengo mbili ukimalizia kwa tupa: moja ya milimita 32.5, nyingine ya 31.5. Kila kiunzi lazima kiingie kwenye pengo la kwanza na kigome kwenye la pili. Kikiingia kote, kimekuwa chembamba. Kikigoma kote, kirudi kwenye randa. Kupanga viunzi kumi na kuona kama vimefika milimita 320 hakutoshi, kwa sababu chembamba kinamfidia kinene na jumla inatoka sahihi huku kila kimoja kimekosea.

Mikataba ya kutengeneza mizinga iandike hayo waziwazi: viunzi 28, upana milimita 32, kosa lisizidi nusu milimita, mbao kavu, pembe kwa pembe 1,002, na malipo baada ya bati hilo kupitishwa kwenye mizinga iliyochaguliwa bila fundi kujua ni ipi. Tunaomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na Chuo cha Ufugaji Nyuki cha Tabora wawe na kipimo mama cha chuma ambacho fundi yeyote anaweza kuja kulinganisha kalibu yake. Viunzi vya Sikonge vikiingia kwenye sanduku la Mlele bila kupigwa randa tena, mfugaji ataweza kuhamisha sega la watoto kutoka kundi lenye nguvu kwenda kundi dhaifu, kazi ambayo leo wengi hawaijaribu kwa sababu viunzi vya mzinga mmoja haviingii kwenye mwingine.

Kwa fundi anayeanza wiki hii: tengeneza kalibu ya randa kwanza, zingine zitafuata. Andika juu yake "32" kwa kalamu ya wino usiofutika, ipake mafuta ya kitani isinywe unyevu wa masika, na kila baada ya viunzi mia moja pima kimo cha reli kwa futi ya chuma. Zikishuka hadi 31.5, zing'oe uweke mpya siku hiyo hiyo.

Wafugaji wa nyuki na mafundi seremala,
Sikonge, Tabora